Karasha Inauzwa, Bei ya Maelewano

Mambo yalimharibikia Mageni Ijumaa ya tarehe 14 Machi 2025, kwenye kibanda cha Zuhura pale Kalangalala, na maharibiko yenyewe aliyalipia kwa mkono wake.

Siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: auze karasha, arudi kwao Samuye. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwa miaka mingi yeye na mkewe Melania walikuwa wakiwasagia wachimbaji uani kwao, nje kidogo ya mji wa Geita. Vumbi lake likamwingia Melania kifuani. Alikohoa masika, akakohoa kiangazi, wakubwa wa ofisi ya madini wakaja na magari yao kupima kelele ya mashine, vumbi hawakulipima, na mwezi wa kumi na moja Mageni akamrudisha mkewe Samuye ndani ya sanduku. Ndugu wa marehemu walipanga Jumatatu ya Pasaka kuwa siku ya kujengea kaburi na kuweka msalaba. Ukisimikwa, mume ndiye anayeushika. Mume asipotokea, watu wanasema alikuwa anangoja mkewe afe.

"Shikamoo, Baba Ritha," Zuhura alimwamkia. Alikuwa wakala wa kutuma na kutoa pesa, na ndiye aliyemwingizia tangazo kwenye lile soko la kwenye simu.

"Marahaba, mama. Mbona hapigi mtu?"

"Limezama. Tangazo la bure likiingizwa asubuhi, mchana liko chini, limefunikwa na masofa na magodoro. Lilipie lipandishwe juu, likae wiki tano."

"Kwa hiyo hata humo kwenye simu kuna watu wa ushuru?"

"Baba Ritha, usinichekeshe. Nimefunga, koo limekauka."

Mageni hakuwa anachekesha. Hajawahi kuona watu wawili wanauziana kitu asitokee wa tatu na stakabadhi. Lakini mnadani ng'ombe hauziki bila ushuru, akaona na huku ni vilevile.

"Ila picha tubadilishe," Zuhura akasema. "Umesimama mbali mno. Karasha yenyewe imekuwa kama kibuyu."

"Iache hivyohivyo."

"Nyumba ya nini kwenye picha? Na haya maviroba?"

"Mama, wewe hujauza ng'ombe. Ng'ombe akija mnadani peke yake, hajulikani boma lake, huyo ni wa wizi. Mtu aone mashine ina kwao. Aone nyumba, aone namba ya nyumba ukutani, aone na choo akitaka."

Zuhura akainua mabega. Mageni akageuka upande, akabonyeza namba yake ya siri, na ujumbe ukaingia kwamba tangazo lake sasa liko juu kabisa.

Hata nyumbani hakufika, simu ikaita.

"Mzee, ile mali ya nyuma unauzaje?"

"Mali gani ya nyuma?"

"Mzee wangu, tusichezeane. Viroba."

Akapiga wa pili, viroba. Wa tatu, viroba. Karasha haikuulizwa na mtu, hata injini yake ni ya aina gani.

Mwenye mawe akija kusaga, huosha mchanga wake, huondoka na dhahabu, na mchanga uliokwisha kuoshwa humwachia mwenye karasha. Wanauita marudio. Ndani yake bado kuna dhahabu, ila haitoki kwa kuosha kwa mikono; inatolewa kwa dawa, kwenye mitambo ya wenye pesa. Melania aliuweka kwenye viroba, akavipanga ukutani mpaka vikawa ukuta wa pili. Kila mara alisema vikitosha watavipeleka. Mageni alikwisha kuvizoea hata havioni tena. Kwake yeye vilikuwa ua.

Asubuhi yake akaja mnunuzi mmoja kutoka Kahama, Salmini, na pikipiki. Aliipita karasha kama mtu anavyompita mkwe wasiyesalimiana, akatumbukiza mkono kwenye kiroba, akausugua mchanga kiganjani, akaunusa.

"Huu umekaa, mzee."

"Ni wa marehemu mke wangu. Alikuwa anauhifadhi."

"Pole sana. Mungu amrehemu. Alikuwa na akili kuliko sisi." Akajipangusa kiganja kwenye suruali. "Nachukua wote. Na hilo karasha nalo nitakusaidia kulibeba, kama nyongeza. Jumatatu naleta lori."

Usiku ule Mageni alilala usingizi ambao hakuulala tangu msiba. Aliwaza saruji, aliwaza mbao za msalaba, aliwaza atakavyoteremka kwenye basi Samuye, bila vumbi, bila kelele, bila mwenyekiti wa mtaa.

Jumatatu lori likaja. Nyuma yake ikaja gari ya ofisi ya madini, akashuka kijana mwenye kitambulisho shingoni, Edward, na Deusdedit mwenyekiti wa mtaa, yuleyule aliyekaa kiti cha mbele kwenye msiba na kula mara mbili.

Edward akanyoosha simu. "Mzee, hii nyumba ni ya nani?"

Ilikuwa picha ya Mageni, namba ya nyumba ikisomeka vizuri kabisa.

"Yangu."

"Unatangaza biashara ya marudio. Kibali kiko wapi?"

"Natangaza karasha! Soma hapo, karasha inauzwa."

"Naona marudio. Na watu wote wa Geita wanaona marudio. Yametoka kwenye mawe ya nani? Leseni ya nani?"

"Yametoka kwa watu. Walikuja, wakasaga, wakaacha, ndiyo desturi. Mwenyekiti, si unajua? Si na wewe shemeji yako alisagia hapa?"

Deusdedit akatazama viatu vyake. "Desturi ni desturi, Baba Ritha, na utaratibu ni utaratibu."

Walikuja na kopo la rangi nyekundu. Mtu wakija kumsaidia, kopo hawana. Wakija kumzuia, hawalisahau. Wakapiga alama ya X kwenye karasha, wakapiga kwenye viroba vya mbele. Kisitoke kitu, Edward akasema, mpaka ofisi ijue mchanga ni wa nani. Na kiroba kimoja kikipungua, mwizi ni mwenye nyumba.

"Nijiibie mimi mwenyewe?"

"Haijajulikana kama ni vyako, mzee."

Salmini aligeuza lori bila kuaga.

Tangazo nalo liliendelea kukaa juu. Wachimbaji waliosaga zamani, wengine Mageni hata sura zao hazikumbuki, wakaanza kufika mlangoni: "Mzee, pale kuna marudio yangu." Wengine hawakubisha hodi, waliruka ua mchana kweupe na makopo ya maziwa ya watoto, wanachota, wanakimbia. Alinunua filimbi. Akawa analala kwenye mkeka juu ya viroba, mtu mzima, analinda mchanga asioutaka.

Akampigia Zuhura, naye akaja mwenyewe, kikoi kichwani kwa jua.

"Lifute, mama. Lifute sasa hivi."

Zuhura alibonyeza, akabonyeza tena. "Linakataa. Linasema tangazo lililolipiwa haliondolewi mpaka muda wake uishe."

"Waandikie. Waambie mwenye kitu hauzi tena."

"Nimewaandikia sasa hivi. Wananijibu asante kwa kuwasiliana nasi."

"Nani anakujibu asante?"

"Hakuna mtu, Baba Ritha. Ni mashine."

Binti yake, Ritha, alikuwa ameolewa Nyahanga, Kahama, na alikuwa na kichanga cha wiki chache. Huyo asingeweza kuja kulinda. Kwa hiyo Mageni alipoitwa ofisini ilibidi amwombe jirani, na jirani akakubali kama mtu anayeombwa figo. Alingoja kwenye benchi mpaka watu wa ofisi wakala chakula cha mchana, wakarudi, wakachokonoa meno.

"Mchanga ni wa mke wangu," akamwambia Edward. "Yeye ndiye alikuwa anaandaa, anaosha, anapanga."

"Vizuri. Basi yeye ndiye aje atoe maelezo."

"Hawezi kuja."

"Yuko wapi?"

"Samuye."

"Samuye siyo mbali. Mpigie simu, apande basi."

"Hana simu, bwana mkubwa. Na mahali alipo, alikopelekwa na vumbi msilolipima ninyi, basi haliendi."

Edward aliandika kitu, akasema faili litakwenda juu. Mageni aliporudi nyumbani viroba viwili vilikuwa vimechanwa, na Deusdedit amesimama pembeni akivihesabu kwa kidole.

"Uliambiwa kisipungue, nawe ukatoka," mwenyekiti akasema.

"Mliniita ninyi!"

"Si mimi. Ni ofisi."

Tangu hapo hakutoka tena. Sukari aliletewa na jirani. Ijumaa Kuu ibada aliisikilizia redioni, filimbi shingoni. Alikuwa na tumaini moja: wiki tano za tangazo zimefika mwisho, watu watasahau, Jumapili alfajiri ataruka kwenye basi potelea mbali, wamwite mwizi akiwa njiani.

Jumamosi asubuhi simu ikalia ujumbe. Akausoma taratibu, neno kwa neno, kama alivyosoma shuleni kabla hawajamtoa kwenda kuchunga. Hongera mteja, ulisema. Kwa kuwa tangazo lako limetazamwa na watu wengi kuliko yote Geita, tumekuongezea mwezi mmoja bure.

Nje ya ua pikipiki ilizima. Ikazima na ya pili. Kuna mtu alikohoa kile kikohozi cha kusema nipo.

Simu ikaita tena. Alikuwa Ignas, mdogo wake Melania.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Saruji tumeshanunua, fundi yupo, msalaba umeshapakwa rangi. Mama anauliza tangu jana, na wazee nao wameanza maneno yao."

Kichwa cha mtu kikachomoza juu ya ukuta, kikafuatiwa na mkono wenye kopo. Mageni akaweka filimbi mdomoni, simu bado iko sikioni, akashindwa kuipuliza.

"Shemeji? Mbona kimya? Niwaambie nini, unakuja, au msalaba aushike mtu mwingine?"