Malori ya Wiki ya Kumi na Nne

Kabla hamjaisikia kwa Milembe, ambaye anaisimulia vibaya, acheni niisimulie mwenyewe.

Mimi ndiye Maua wa chai na chapati, pale mkabala na maghala ya dengu, Bariadi. Ukikaa kwenye benchi langu nusu saa utajua nani kaoa, nani kaachwa na nani anajenga kwa hela ya nani. Shule niliishia la saba, mengine nimesomeshwa na mtaa. Msomi wetu ni Nasrin, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita, na sasa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, Dodoma, anasomea uchumi. Si uchumi wa duka. Ni wa dunia nzima, jinsi mambo yanavyopanda na kushuka huko na sisi tunavyotikisika huku.

Mwaka jana, mwezi wa saba, alikuja likizo na daftari kubwa jipya, akanikuta kibandani.

"Mama mdogo, dengu za hapa zinakwenda wapi?"

"Mwanza."

"Halafu?"

"Dar."

"Halafu?"

"Halafu zinaliwa, mwanangu. Unataka ziende wapi tena?"

Akacheka. Akanieleza kwamba nyingi zinavuka bahari hadi India, na India wakipandisha ushuru wa dengu za kutoka nje, mkulima wa kijijini Ngulyati anaumia bila kujua kaumizwa na nani. Utafiti wake wa kumalizia chuo ulikuwa huo: India wakibadili ushuru, inachukua siku ngapi hadi Bariadi isikie. Alichokosa ni malori, kila wiki yamepakia mangapi. Hesabu hiyo hakuna aliyeiandika mahali.

"Wewe unakaa mbele yao kutwa," akasema. "Lori likipakia likaondoka, unachora kijiti. Jumapili unapiga picha ukurasa, unanitumia. Wiki ishirini na mbili tu."

"Kazi hiyo naifanya hata nimelala."

Na kweli, ndivyo nilivyoifanya.

Wiki nne za mwanzo sikukosa hata lori moja. Chapati iungue, mimi macho getini. Wiki ya tano Veronica wa saluni akaja na habari za mke wa pili wa Shigela, na habari zile hazikuwa za kusikiliza kwa sikio moja. Aliponyanyuka, geti la ghala lilikuwa limefunguka na kufungwa sijui mara ngapi. Nikachora vitano, nikaona vinatosha. Dhambi ya kwanza ndiyo inayouma. Baada ya hapo, wiki nyingi nikawa nachora jioni, nikishafunga, kwa kukadiria. Na kila nikikadiria nilikuwa naongeza kidogo. Sababu nitawaambia, ingawa ndiyo inayoniaibisha kuliko zote.

Wiki ya kumi na nne nilifunga kibanda, nikaenda Nyalikungu, Maswa, harusini. Nilikaa siku nane. Jumapili, hina haijakauka, nikatoa daftari kwenye mkoba, nikachora vijiti thelathini na kimoja, nikapiga picha.

Nasrin alipiga simu papo hapo. "Thelathini na moja? Mama mdogo, una uhakika?"

"Uhakika gani tena unaoutaka? Vumbi lake bado limenikaba koo."

"Basi hili ni jambo kubwa," akasema. Nami nikarudi kucheza.

Mwezi wa tano mwaka huu alikuja nyumbani na utafiti umeshachapwa, zimebaki wiki tatu akabidhi. Nikafanya ninachokifanya siku zote, nikajaza nyumba. Nilipika pilau ya watu ishirini. Alikuja Abubakari, mnunuzi wa dengu mwenye ghala la kona. Alikuja Milembe kutoka Ngulyati, mkulima na mteja wangu wa chapati. Veronica haalikwi, anakuja tu.

"Mwadila, mayu," Milembe akamsalimia Nasrin kwa Kisukuma. "Tusomee basi hicho kitabu. Tumekuja kula na kuelimika."

Akaanza na ukurasa wa shukrani, akiutafsiri kutoka Kiingereza: "Namshukuru mama yangu mdogo, Maua, aliyehesabu malori kwa wiki ishirini na mbili." Nikalia kidogo, nikahakikisha wameniona.

Kisha akaeleza. Wiki ya kumi na nne, alisema, India walipandisha ushuru. Wataalamu wote wanasema hapo biashara hudorora. Lakini Bariadi malori yaliongezeka. Msimamizi wake chuoni amefurahi mno, anasema huo ndio moyo wa utafiti wote, na anataka Nasrin akauelezee mbele ya jopo la walimu.

Abubakari aliacha kutafuna. "Hiyo wiki ya kumi na nne ndiyo lini, binti?"

"Katikati ya mwezi wa kumi."

"Wiki hiyo mimi nililala juu ya magunia yangu. Tajiri wa Mwanza alinipigia Jumatatu asubuhi, akaniambia usipakie hata kilo. Halikutoka lori hapa. Labda yalikuwa ya majini."

Watu wakacheka.

"Kweli kabisa," akasema Milembe. "Mimi nilirudi Ngulyati na dengu zangu kwenye mkokoteni. Hata ng'ombe walinishangaa."

Nasrin hakunitazama. Alishusha macho kwenye karatasi zake, akazipanga upya wakati zilikuwa zimepangika. "Basi nitakuwa nimekosea kunakili," akasema. "Nitaangalia."

"Ndiyo maana nasema, chuo ni chuo na ghala ni ghala," Abubakari akaendelea. "Mko Dodoma huko, mnatuhesabia malori kwa ndoto."

Veronica alicheka hadi akapaliwa na wali. Mtoto wangu akatabasamu, akakipokea kile kicheko kama vile ni chake. Na mimi? Mimi nilimwongezea Abubakari nyama. Nawaambia ukweli. Nilisimama na mwiko, nikachagua kipande kizuri, nikakiweka kwenye sahani yake, nikiomba mdomo wake ufanye kazi nyingine.

Haukufanya. "Na hilo jopo wakikuuliza nani aliyahesabu, utasemaje?"

"Nitasema ni mimi," akajibu Nasrin.

Nikaweka mwiko chini.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Na wiki hiyo sikuwepo, nilikuwa Nyalikungu, harusini."

"Ehee," akasema Milembe polepole, "ile uliyorudi na hina hadi kiwiko."

Abubakari aliosha mikono. Veronica, ambaye haondoki bila chai, akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Wakaaga mmoja mmoja, kwa adabu, na adabu yao ndiyo iliyoniumiza.

Nasrin akaleta daftari, rula na kalamu nyekundu. Akakaa mkekani.

"Ni hiyo wiki tu?"

Nikatazama ukutani. "Hapana."

"Ya tano?"

"Ya kubuni."

"Ya sita?"

"Sikumbuki."

"Kama hukumbuki, naikata."

Alikata kwa rula, taratibu, wiki baada ya wiki. Zilibaki tisa. Pembeni aliandika kwamba Abubakari alipata simu Jumatatu, maana ushuru ulitangazwa Jumamosi. Siku mbili tu, kumbe. Jibu lake lilikuwa limekaa ghala la kona muda wote, na mimi nilimfunikia kwa vijiti.

"Naomba nikuulize," akasema. "Kwa nini zilikuwa zinapanda kila wiki?"

Nilitaka kumdanganya. Nilichoka.

"Nilidhani zikipanda ndiyo utafaulu. Kama alama za shule."

Akaweka kalamu chini, akajifunika uso kwa viganja. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hadi leo sijui alikuwa analia au anacheka. Alipofunua uso aliniambia atampigia msimamizi, atamweleza ukweli, na ataomba kuanza upya na msimu ujao wa dengu. Hatavaa joho na wenzake mwaka huu.

"Basi angalau nitoe kwenye ule ukurasa," nikasema. "Jina langu lifute."

"Silifuti, mama mdogo."

Akavuta ukurasa wa shukrani, akakata maneno mawili ya Kiingereza, akaandika moja juu yake. Kisha akanisomea: aliyehesabu malori kwa wiki tisa.

"Sasa ni kweli," akasema, na akaniuliza kama chai ipo.

Ilikuwepo, birika zima. Nilikuwa nimepika ya watu ishirini.