Ukunga wa Ondina

Mara ya kwanza Ondina kuuawa, alikuwa akifuma soksi. Alikaa mbele ya maikrofoni katika chumba chenye giza cha studio kule Tiburtina, sindano zikienda juu ya mapaja yake, macho yakitazama ukutani ambako, kwenye picha ya filamu, msichana mmoja mrembo wa Kidenmaki alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea ngazi za handaki. Msichana alipofumbua kinywa, Ondina naye akafumbua chake, akapiga ukunga. Fundi wa sauti alizing'oa hedifoni masikioni akazitupa mezani.

Enzi zile filamu zetu zilipigwa bila sauti. Waigizaji walitoka kila nchi, kila mmoja akibwabwaja lugha yake mbele ya kamera, kisha wakaja watu kama Ondina Sgarbi kuwatia sauti za Kitaliano. Mimi, Fosca, kazi yangu ilikuwa kukata na kuunganisha, picha na sauti, hadi viwe kitu kimoja. Mwongozaji alikuwa Ermete Valdrighi, kijana mwembamba asiyependa kutazamwa, na ile ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya kutisha. Kabla ya hapo alibeba nyaya, akabeba taa, akaongoza farasi na mashujaa wa mapanga ya mbao. Mwaka uliofuata akamwoa Ondina.

"Wenzangu wameolewa kwa sababu ya macho yao," Ondina alipenda kusema mezani, mdomo umejaa makaroni. "Wengine kwa mapishi. Mimi nimeolewa kwa kelele."

Ermete alitoka Polesine, kwenye nyanda za mto Po, ambako ukungu wa majira ya baridi humficha mtu hata mkono wake mwenyewe. Alikuwa mtoto siku baba yake alipotoka kumtafuta ng'ombe akatumbukia mferejini. Ermete alimsikia akiita. Akakimbilia kulia, sauti ikatoka kushoto. Akakimbilia kushoto, ikatoka nyuma. Kisha ikakatika. Alinisimulia habari hii mara moja tu, tukiwa tunakula, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta.

Filamu zake zilipigwa kwa haraka na kwa fedha za mkopo, katika majumba ya makabaila waliofilisika huko Frascati. Moshi ulikuwa wa majani mabichi, damu ilikuwa rangi na sharubati. Mtayarishaji wake, Gualtiero Pinchetti, alimbandika jina la Kiingereza kwenye matangazo ili watu wadhani filamu imetoka ng'ambo. Magazeti yalimcheka. Lakini kwenye kumbi za mikoani watu walijaa, wakatoka wameshikana mikono, na kesho yake wakarudi. Kilichowarudisha, Ermete alikijua vizuri. Katika kila filamu Ondina aliuawa upya. Alinyongwa, akachomwa, akatumbukizwa kisimani, kisha akaenda nyumbani kumpikia binti yao, Isotta.

Halafu koo la Ondina likaanza kumuuma. Madaktari walimpasua, wakamwokoa, ila sauti wakaiondoa. Aliishi kimya karibu miaka miwili. Akitaka kitu aligonga meza kwa kijiko. Hata mzaha alikuwa akiufanya kwa kijiko kile: akiwagongea wageni waliokaa mno, nasi tukiangua kicheko.

Msiba ulitokea mchana, jua linawaka madirishani. Ermete alikuwa chumbani kwake, hedifoni masikioni, akichagua mlio wa mlango kwa ajili ya filamu mpya. Isotta, wakati huo msichana wa miaka kumi na minne, alirudi kutoka shule akamkuta mama yake sakafuni jikoni. Kijiko kilikuwa kimerukia chini ya jiko. Kinywa chake kilikuwa wazi kabisa. Na kupitia mlangoni Isotta alimwona baba yake, ameupa mlango mgongo, anatikisa kichwa taratibu kuufuata mlio wake.

Ermete hakulia mazishini. Miezi kadhaa baadaye tukiwa tunamalizia filamu, tulifika mahali ambapo mwanamke anauawa, akaniambia bila kunitazama, "Mtie Ondina."

"Bwana Ermete, Ondina yupi?"

"Utepe ule wa kwanza. Unao, najua unao."

Nilikuwa nao. Nikamtia. Filamu iliyofuata nikamtia tena, na iliyofuata vilevile. Pinchetti, ambaye hakuwahi kuuliza habari za mtu, alisimama ukumbini akapiga makofi. "Huyo mwanamke wa ukunga, bado yuko moto! Mwongezeni mshahara!"

Mimi nilianza kuuogopa utepe ule. Kabla ya ukunga kuna pumzi, Ondina anavuta hewa. Nilikuwa nikizima mashine, navaa koti, nafunga mlango, na barabarani katikati ya watu naisikia pumzi ile imenikaribia sikioni. Mtu anavuta hewa, kisha basi. Ermete yeye hakuogopa. Wakati wenzetu wanakwenda kula alikuja kuketi chumbani kwangu, akaomba nimpigie utepe ule.

"Pale mwisho," aliniambia siku moja. "Ukunga unapozama. Kuna neno linaanza. Husikii?"

"Sisikii kitu."

"Anaita. Sikiliza vizuri. Linaanza na E."

Aliniomba nirudie hadi mkono ukaniuma.

Isotta alikua akijua kwamba filamu za baba yake hazitazamwi. Ilikuwa sheria ya nyumba. Lakini alipopata mchumba, fundi saa wa Viterbo aitwaye Duilio, kijana wa watu akampeleka sinema Jumapili mchana bila kujua. Jina la tangazoni lilikuwa lile la Kiingereza. Waliketi na karanga zao, na katikati ya filamu, kutoka kinywani mwa mwigizaji wa kigeni mwenye nywele nyeupe, Isotta akamsikia mama yake.

Jumatatu alikuja Tiburtina. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mashine yangu.

"Yule ni mama," alisema, hata salamu hakutoa.

"Ni kazi, mwanangu. Mama yako aliifanya, akalipwa."

"Alilipwa kufa mara moja. Wewe umemgeuza mtaji."

"Mtaji?" Ermete alisimama. "Unadhani ni fedha? Pale anapopiga ukunga anapumua! Ana mapafu, ana koo, yuko hai. Ni wapi pengine nitampata akiwa hai?"

"Mimi ndiye niliyemkuta, baba. Hakupiga ukunga. Alijaribu. Nilikiona kinywa chake. Wewe ulikuwa chumba cha pili unasikiliza mlango."

Ermete alikaa tena. Isotta akanigeukia. "Shangazi Fosca, baada ya hapo kuna nini? Kwenye huo utepe, baada ya ukunga?"

Sikujua. Miaka yote nilikata pale pale sauti inapokwisha, sikuwahi kuuacha uendelee. Nikauweka, nikaziba masikio wakati wa ukunga, nikauacha. Pakawa kimya kidogo. Kisha ikasikika sauti ya Ermete, Ermete kijana, kutoka mbali ndani ya chumba: "Vizuri. Tena." Halafu Ondina, yule yule, na kicheko kimembana: "Tena? We kaka, unataka nife mara ngapi?"

Utepe ukaisha, ukawa unapiga-piga kwenye gurudumu. Ermete alichukua kofia yake akatoka.

Filamu yake ya mwisho aliipiga jikoni, mchana, kwenye nyumba ya kawaida yenye maua dirishani. Mwanamke anamwona aliyekuja kumuua, anafumbua kinywa, na hapo Ermete aliniamuru niondoe kila kitu: ukunga, pumzi, muziki, hata mvumo wa friji.

Pinchetti nusura apasuke. "Mwanamke anachinjwa halafu kimya? Watu watadhani spika zimekufa! Watadai fedha zao!"

"Wadai," Ermete alijibu.

Onyesho la kwanza lilikuwa la alasiri, kwenye sinema karibu na stesheni ya Termini. Isotta alikuja, akaketi kati yangu na baba yake. Kinywa kile kilipofumbuka, kikajaa ukuta mzima, ukumbi uliganda. Nilisikia kiti kikilia, mtu akimeza mate. Basi. Mimi ndiye niliyeukata utepe ule kwa mikono yangu. Haukuwa na kitu. Lakini mama mmoja mbele yetu alijiinamia ghafla, amejishika kichwa. Mlinzi wa mlango alichungulia ndani, uso umesawijika. Isotta alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Ermete hakuwa kitini. Nilimkuta nje ya ukumbi akifungua milango, wa stoo, wa vyoo, wa ngazi, mmoja baada ya mwingine.

"Yuko wapi?" aliniuliza. "Safari hii nimemsikia. Ametokea upande huu."

"Ermete, hakuna kitu. Niliondoa kila kitu."

"Haiwezekani kwamba hukusikia, Fosca!"

Isotta alitufikia. Alikuwa mweupe kama karatasi. "Mimi nimesikia, baba," alisema, akamshika mkono. "Nimemsikia. Twende."

Ermete akalia pale pale mbele ya wauza tiketi, kilio cha mtoto mdogo, na Isotta akamfuta uso kwa ncha ya skafu yake.

Hakutengeneza filamu nyingine. Alihamia Viterbo kwa Isotta na Duilio, akawa anakaa jikoni akimenya viazi, na kitu chochote kikianguka hata chumba cha mbali aliinuka akaenda kutazama. Alifariki majira ya mavuno ya zabibu, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona.

Baada ya mazishi tulibaki mimi na Isotta tukiosha vikombe. Nikamuuliza kama siku ile alisema kweli, au alimwonea huruma tu mzee.

"Nilisikia, shangazi," alinijibu, mikono yake ikiwa bado majini. "Alikuwa akiita jina, nalo lilianza na I. Sikumwambia baba kwamba halikuwa lake."