Marumaru Isiyo na Baridi

Ndani ya karakana ya mawe, dada mtu aliweka kiganja juu ya jiwe la kaburi la mama yake, akakiondoa, akakirudisha. Jiwe lilikuwa jeupe, lenye mishipa ya kijivu, na jina la marehemu limechongwa vizuri hata ungependa kulisoma mara mbili. Lakini baridi, hakuna.

"Hii si marumaru," alimwambia fundi wa mawe.

Marumaru aliijua, asidanganywe na mtu. Mama yake alipiga magoti juu yake maisha yake yote akisugua ngazi za jengo la ofisi, mpaka baridi ile ikamkalia kwenye viungo, na yeye binti akishika ndoo upande wa pili. Mama aliacha ombi moja tu, tena alilisema huku akicheka: nikifa niwekeeni marumaru, safari hii wasugue wengine. Kesho yake ndugu na majirani walikuwa wanakuja kuona jiwe likiwekwa.

Fundi naye kwa maneno, utadhani redio. Mara jiwe limepigwa na jua. Jua gani, jamani, ndani ya karakana yenye paa na kuta nne? Mara mikono yako, mama, ina joto. Ebo, binti akaenda kwenye kipande cha marumaru kilichoegemezwa ukutani humo humo, akakigusa kwa mkono uleule. Kiliuma vidole.

Akamgeukia mdogo wake, ambaye nyumbani wote humwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha sayansi. Yeye ndiye aliyekwenda kuagiza jiwe. "Hebu gusa na wewe."

Mwalimu hakugusa. Alikohoa kwanza. "Dada, vitu vilivyoshinda chumba kimoja vina joto lilelile. Ukivipima kwa kipimajoto, havitofautiani."

"Umemsikia msomi," fundi akadakia.

"Mimi sina kipimajoto, nina mkono. Mbona hiki kinauma na hiki hakiumi?"

Alimkazia macho mpaka Mwalimu akakosa pa kutokea. Akaeleza, sauti chini, kwamba marumaru hunyonya joto la mkono upesi na kulisambaza ndani yake, ngozi ikapoa, ndipo mtu anasema baridi. Plastiki hailichukui joto upesi hivyo, linabaki palepale chini ya kiganja.

"Na nani hapa ametaja plastiki?" dada aliuliza.

Fundi akaanza kutafuta patasi ambayo haikupotea. Mwishowe akasema yeye asiingizwe kwenye ugomvi wa ndugu. Mwalimu alionyeshwa mawe yote mawili, akachagua mwenyewe hili la bei nafuu, la unga wa mawe uliogandishwa kwa plastiki.

Dada mtu akamsogelea Mwalimu. "Ulijua, na bado ukanisomesha sayansi."

"Dada, tuseme ukweli. Mama hawezi kuhisi tofauti."

"Aliihisi kila siku, ili wewe usome. Leo unamchezea shere kaburini." Akamwambia fundi, "Futa jina la mama yangu hapo."

Mwalimu alimshika mkono akibembeleza. Watu wanakuja kesho, watasema nini wakikuta kaburi halina jiwe?

"Waje," alisema. "Wakiuliza jiwe liko wapi, utawajibu wewe, mbele ya wote, na mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo nasikiliza."