Bango Kabla ya Saa Sita

Miezi saba Iria alikuwa ameishi Hobro, Denmaki, na katika miezi yote hiyo hakuna Mdenmaki aliyemvumilia hata kwa sentensi tatu za Kidenmaki. Akifungua kinywa kuomba mkate, muuzaji humrukia kwa Kiingereza. Jikoni hospitalini, alikoosha masufuria asubuhi kabla ya darasa la lugha, wenzake walikuwa wakicheka kwa Kidenmaki hadi machozi. Yeye akisogea tu, kicheko kinavaa tai na kugeuka Kiingereza. Wote wapole, wote wenye nia njema, na upole huo ndio uliokuwa ukimmaliza. Alishamwandikia mama yake kule Lugo, Hispania: "Mwezi huu ukiisha bila mtu kuzungumza nami lugha yao, narudi. Nitafundisha Kiingereza, maana ndicho nilichokuja kujifunza huku."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tano.

Mwenye nyumba wake, Gudrun Balslev, mpeleka barua mstaafu, alikuwa anagombea udiwani ili mabasi ya vijijini yasifutwe. Mabango yake yalijaa sebuleni, hata ukienda chooni unasindikizwa na macho ya akina Gudrun arobaini. Tatizo lilikuwa goti.

"Limejiuzulu kabla sijachaguliwa," alisema Jumamosi hiyo, kwa Kiingereza kama kawaida. "Utanipandia ngazi, mwanangu? Anza na nguzo ya taa pale kipilefti, mbele ya duka kubwa. Mji mzima unapita pale. Nakuja nyuma yako na kahawa."

Iria akatia ngazi begani na mabango kwapani, huyoo.

Kufika, akakuta watu tele, kila mmoja na ngazi yake, wamesimama chini ya nguzo wakinywa kahawa na kutazama saa. Hakuna aliyepanda. Iria akawahurumia: watu wazima na ndevu zao, wanaogopa ngazi! Nguzo nzuri kuliko zote ilikuwa na mzee mmoja tu, mpana kama kabati. Iria akaegemeza ngazi upande wa pili, akapanda, akamfunga Gudrun kwa vibano vya plastiki, kra, kra, kra. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Kipilefti kizima kikageuza shingo.

"Samahani, dada," mzee akaanza kwa Kiingereza, mkono kifuani. "Kuna kasheria kadogo..."

"Sheria gani?" Iria akajibu kwa Kidenmaki, kwa ukaidi tu.

Mzee huyo, Egon Tranberg, fundi bomba na mgombea wa chama kingine, akatafuta Kiingereza cha kufokea, asikipate. Alichokuwa nacho kilikuwa cha kuelekeza watalii njia. Akakitupa.

"Saa sita kamili!" akanguruma kwa lugha ya mama yake. "Nchi nzima inangoja saa sita, binti! Mimi niko hapa tangu saa tatu, miguu imekufa ganzi, wewe unatua kama mwewe, unatundika! Gudrun hakukwambia?"

"Gudrun aliniambia nguzo, hakuniambia saa! Na wewe mbona ulinitazama tu nikipanda?"

"Nilidhani unafuta taa!"

"Nafuta taa kwa uso wa Gudrun?"

Mtu akapaliwa na kahawa.

"Shusha!"

"Nashusha! Usinifokee, mimi si bomba lako!"

"Mabomba yangu yana adabu!"

Katikati ya ngazi, bango mkononi, Iria akashtuka. Dakika mbili nzima, na Kiingereza hakijakanyaga hapo. Kwa furaha akaachia ngazi, nusura aanguke. Egon akamshikia ngazi, huku akiendelea kufoka.

Kengele ya kanisa ikagonga saa sita. Watu wakaparamia nguzo kama kumbikumbi. Sheria iliruhusu mabango mawili kwa nguzo, mradi moja lisifunike jingine. Kwa mikono yake mirefu Egon akachukua juu, Iria chini, na ubishi ukapanda nao.

"Paa la bwawa la kuogelea linavuja! Watoto wanaogelea na mvua!"

"Si watalowa tu, mzee! Bibi wa kijijini mkimfutia basi, atafikaje kwa daktari? Kwa kuogelea?"

Egon akatoa kibano mdomoni. "Kwani una kura wewe?"

"Ninayo. Raia wa Ulaya, mkazi wa hapa. Diwani namchagua kama wewe."

"Kumbe!" Sauti ikaingia asali. "Basi shuka, mpiga kura, tuzungumze kistaarabu."

Akamweleza habari za paa kwa robo saa. Iria alipopotea, Egon alirudia polepole, kwa Kidenmaki kilekile. Paa halikumwingia Iria kichwani, lakini angeweza kulisikiliza hadi Krismasi.

Gudrun akafika akichechemea. "Mambo yanakwendaje?" akauliza kwa Kiingereza.

"Wewe Gudrun," Egon akadakia, "unazungumza naye nini hicho? Mtoto amenichamba mbele ya mji mzima, na nimemwelewa kila neno!"

Gudrun akamtazama mpangaji wake, masikio yakamwiva. "Miezi saba," akasema kwa Kidenmaki, "nilidhani nakupumzisha."

"Nimepumzika hadi nimechoka, mama."

"Haya, beba ngazi. Yamebaki thelathini na tisa."

Wakashika njia, Gudrun akimwaga maagizo kwa kasi ya mpeleka barua aliyechelewa. Nusu yake Iria hakuyaelewa. Aliyaitikia yote.