Taa Kwenye Kioo

Kiti chenyewe kilinitisha kabla sijakikalia. Carol, dada mdogo wa mke wangu, alikinunua kwa mtu wa vyuma kuukuu, kikiwa kimeng'olewa kwenye gari lililobingirika. Akakichomelea fremu, akafunga usukani mbele yake na pedali chini. Mbele ya hayo yote kulikuwa na skrini pana kama mlango wa zizi. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine mpya ya chumba chake cha gemu pale Githongo, kati ya duka la mbolea na kinyozi.

"Mwenye kiti alipona?" nikauliza.

"Shem, keti."

"Nauliza tu. Kama alikata roho hapa, afadhali tuombe kwanza."

"Alipona. Anauza mbuzi Nkubu. Keti, bana!"

Nikaketi. Mimi ni mtu wa mzaha, na wanaonijua wanajua kwamba mzaha wangu ukizidi, tumbo limeshaingia baridi. Carol ananijua. Hakucheka.

Alijua pia kilichonipeleka pale. Mke wangu, Kagwiria, anafunga maua kwenye shamba moja kubwa huko Timau, na anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi na binti yetu, Makena. Mimi nimebaki huku chini na kahawa ya mama. Naenda kuwaona kila mwisho wa mwezi kama mgeni, nimebeba mkungu wa ndizi. Sasa shamba lilikuwa linatafuta dereva wa basi la wafanyakazi. Kagwiria akaongea na wakubwa, jina langu likapita, nikaitwa kwa jaribio la barabarani Jumatatu. Nikifaulu, tunalala nyumba moja. Nikianguka, Makena ataendelea kuniuliza kwa simu kama nimekula.

Leseni ninayo. Uzoefu ninao. Nisichokuwa nacho ni moyo wa kushika usukani tangu lori la karoti lilipolala na mimi ndani kwenye ukungu wa Timau. Pikapu ya miraa ilinijia kwa nyuma ikiwasha taa na kuzima, ikiwasha na kuzima, honi juu. Kila mtu Meru anajua la kufanya hapo. Miraa haingoji, inakauka. Ukiona hizo taa kwenye kioo unaenda kushoto, hata kama kushoto ni changarawe, hata kama kushoto ni shamba la mtu. Nikaenda kushoto. Kushoto hakukuwa na kitu. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa lami.

Waliokuja kuniopoa waliuliza kwanza karoti ni za nani. Mkono ulivunjika, ukaungwa, ukapona. Shida ni kwamba ulipona peke yake. Siku moja ndugu yangu alinipa ufunguo wa gari lake nimpelekee sokoni. Nikaingia, nikatazama kile kioo, nikashuka nikamwambia halina mafuta. Lilikuwa limejaa.

"Hapa hakuna wa kufa," Carol akasema, akinivisha hedifoni. "Ukianguka, unarudishwa barabarani. Hata karoti hakuna."

Sauti ya kijana ikaniingia masikioni. "Mzee, karibu sana! Ni Lennox, niko Manyatta."

"Manyatta ya Embu? Na mbona uko ndani ya kichwa changu?"

"Ni mtandao, mzee. Mimi na Carol ni timu. Wewe ndiye dereva wetu wa tatu."

"Dereva wa nani?"

Nikamgeukia Carol. Akajifanya anapanguza skrini. Ndipo nilipoelezwa. Gemu hii si ile ya kugongana na kucheka. Ni mbio za kuvumilia: gari moja, madereva watatu, mchana kutwa. Mmoja akichoka anampokeza mwenzake, kila mtu akiwa kwenye kiti cha kwao. Timu yao ilihitaji mtu wa tatu, na Carol alikuwa ameandikisha "Riungu, Githongo" bila hata kunipigia. Ningefanya mazoezi kwanza, kisha alasiri hiyohiyo nishike zamu.

Nilitarajia kitu cha kitoto. Nikagusa usukani, nao ukanivuta mikono kama ng'ombe anayekataa kamba.

"Carol! Hiki kitu kiko hai!"

"Ndiyo barabara hiyo unaisikia. Endesha."

Nikaendesha. Ilikuwa lami ambayo sijaiona maishani. Hakuna punda, hakuna bodaboda, hakuna matuta, hakuna hata gari moja linalokuja mbele, kwa sababu wote mnaelekea upande mmoja mkizunguka. Ungedhani ni raha. Lakini kila pahali lami ilipokwaruzika, usukani ulinitetemekea viganjani, na kwenye kona ulikuwa mzito hadi ule mkono ulioungwa ukaanza kuniuma kwa kumbukumbu. Baada ya muda ukawa mwepesi, mwepesi vibaya. Lennox akaniambia tairi za mbele zimechoka.

"Zinachoka? Kwa gemu?"

"Zinachoka, mzee. Na mafuta yanaisha. Na mvua inanyesha."

Waliotengeneza gemu hii sijui nani aliwakosea. Chumba kilikuwa na baridi, na shati langu lilikuwa limenigandama mgongoni.

Halafu zikaja. Mbali kwanza, nukta mbili nyeupe kwenye kioo. Zikakua. Zikawaka, zikazima, zikawaka.

Sikumbuki kuamua. Gari lilienda kushoto, likapanda nyasi, nyasi zikalizungusha, na ukuta ukaja pembeni yangu ukiwa mkubwa kuliko skrini. Kishindo kilipita kwenye usukani hadi kwenye meno. Nikajikuta nimefumba macho na kujikinga uso kwa mkono.

Kisha Carol: "Umetoka barabarani kwa nini?"

"Nimempisha."

"Nani amekuambia umpishe?"

"Taa zake!"

Lennox alicheka mpaka nikamsikia akikohoa kule Manyatta. "Aki mzee amempisha kama pikapu ya miraa!"

Carol hakucheka. Alichuchumaa kando ya kiti na kuongea polepole, kama mtu anayemwongelesha ng'ombe aliyeingia mtaroni. "Shem, sikiza. Hapa kuna magari ya haraka na magari ya polepole. Letu ni la polepole. Wa haraka akija nyuma, wewe unashikilia njia yako. Huendi popote. Kazi ya kupita ni yake."

"Na asiponiona?"

"Amekuona. Ndiyo maana anawasha taa. Anakuambia yuko pale."

"Kwetu anakuambia toka."

"Najua vile kwetu husema," akajibu. "Rudi barabarani."

Nikarudi, na nikaenda kushoto tena. Na tena. Kila mara kichwa kilikuwa kimeamua kubaki, lakini mikono haikualikwa kwenye huo mkutano. Zile taa zikitokea tu, shingo inaganda, masikio yanazibwa kama nimepanda mlima, na vidole vinafanya vile vilivyofanya siku ya karoti. Mara moja nilikanyaga breki katikati ya barabara. Aliyekuwa nyuma akanipanda kama jogoo. Wakati mwingine nilienda kushoto na kumbe nyuma hakukuwa na gari. Lilikuwa jua, linawaka kwenye kioo.

Nikavua hedifoni. "Carol, asante kwa chai."

"Sijakupa chai."

"Basi nitakunywa nyumbani."

"Nimpigie Kagwiria nimwambie Jumatatu hauji?"

"Mwache dada yako."

"Nimwambie nini sasa? Niambie wewe, shem, ndiyo nisikosee."

Nikasimama pale mlangoni. Nje mtu wa mbolea alikuwa anapakia gunia kwenye baiskeli. Ningeweza kutoka, na hakuna ambaye angenishika. Nilikuwa nimeshatoka hivyo kwenye gari la ndugu yangu, na ningetoka hivyohivyo Timau mbele ya mke wangu, nikisema basi halina mafuta. Nikarudi, nikaketi. Nikasema kiti kinanibana matako, ili kuwe na neno.

Alasiri ilipofika zamu yangu, Lennox alinipokeza gari mvua ikiwa imeanza. "Mzee, ni lako. Pole kwa hali ya hewa."

Mvua ya gemu haikulowanishi, lakini inakupofusha vilevile. Maji ya gari la mbele yalinijia usoni kama ukungu, mweupe, mnene, na nikaujua. Niliujua kama mtu anavyojua harufu ya nyumba alimopigwa. Lami ikapotea. Nikabaki na mstari mweupe upande mmoja na kelele ya vifuta maji.

Zikaja taa. Si gari moja. Magari matatu, yamefuatana, taa sita ndani ya ule weupe, zikiwaka na kuzima bila mpangilio.

"Kaa," Carol akasema.

"Nimekaa!"

"Kaa hapohapo."

Nilikuwa nalia, sitaficha. Si kwa sauti. Macho tu yalikuwa yanatiririka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Vidole vilianza kuvuta kushoto. Nikavibana kwenye usukani mpaka kucha zikawa nyeupe, nikaanza kuhesabu majina ya kahawa ya mama, maana mama huipa miti yake majina. Wa kwanza akanipita kulia, karibu hivi kwamba usukani ulitikisika kwa upepo wake. Nikangoja wa pili apite hukohuko.

Alipita kushoto.

Alipita kushoto kabisa, ubavuni, pale ambapo mimi ningekuwa. Nikamwona mzimamzima, mrefu, mweusi, anamwaga maji. Kama vidole vingeshinda, angenikuta pale. Wa tatu akapita kulia. Kisha kioo kikawa kitupu, na mimi nilikuwa bado kwenye lami.

"Umeona?" Carol akanong'ona.

Nilikuwa nafikiria dereva wa ile pikapu, jinsi siku zote nilimwona mtu aliyenisukuma, na sikuwahi kujiuliza yeye mwenyewe alikuwa anapanga kupitia wapi.

Walikuja wengine, wengi. Sikuzoea hata mmoja. Kila taa ilinishtua kama ya kwanza. Lakini nilimaliza zamu yangu na nikampokeza Carol gari likiwa na milango yote. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho, na Lennox akashangilia kama tumechukua kombe. Mtu wa mbolea, aliyekuwa ameingia kutazama, ndiye aliyenitoa kwenye kiti.

Jumatatu, Timau, asubuhi, ukungu kama maziwa. Msimamizi wa usafiri alikuwa mama mmoja wa Embu, madam Jedidah, koti hadi magotini, kalamu sikioni.

"Riungu?"

"Ndiye mimi, madam."

"Basi tupu haliniambii kitu. Utabeba watu wa zamu ya asubuhi kutoka stendi hadi shambani."

Wakapanda wakipuliza mikono. Kagwiria akapanda katikati yao, akakaa kiti cha nyuma yangu. Hakunisalimu. Nilisikia tu akinong'onea jirani yake, "Ni huyo," na jirani akasema, "Huyo wa karoti?"

Tulikuwa tumeanza mteremko mmoja taa zilipotokea kwenye kioo. Pikapu, mzigo umefunikwa turubai, inawaka na kuzima, honi haina pumzi. Masikio yangu yakazibwa.

"Mpishe," madam Jedidah akasema.

Kushoto kulikuwa na weupe tu. Sikuona ukingo, na nisichokiona nilikuwa nimeshakiangukia.

"Hapa sipishi, madam. Sijui kando kuna nini."

"Riungu, hiyo ni miraa. Mpishe!"

Nyuma watu wakaanza. "Dereva, mpe njia!" "Atatugonga huyo!" "Wee, unataka kutuua?" Sauti ya Kagwiria haikuwamo. Nikapunguza mwendo kidogokidogo ili yule wa nyuma alione basi lote, nikashikilia njia yangu, mikono ikiniomba ruhusa ya kushoto kama mtoto anayeomba kwenda choo. Nikaikatalia. Honi ikalia mpaka kioo kikatetemeka. Nilijua kabisa kwamba huyu si wa gemu, na kwamba akikosea, hakuna wa kuturudisha barabarani.

Akatoka kulia, akapita. Nikamwona dereva wake akinionyesha kidole na kutukana bila sauti. Kisha ukungu ukammeza.

Ukungu ulipasuka kidogo, na madam Jedidah, aliyekuwa upande wa mlango, akatazama chini, kule kushoto ambako hakukuwa na ukingo. Akatazama kwa muda. Akashika kile chuma cha mlango kwa mikono yote miwili, naye tangu tuanze alikuwa hajashika kitu.

Niliwafikisha shambani. Nikavuta breki ya mkono, nikafungua mlango, nikatembea kama mtu mwenye heshima zake hadi kwenye ngano ya jirani, nikatapika chai yote.

Madam Jedidah akaja, akasimama mbali kidogo, akitazama mlima usioonekana.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo, madam."

"Ukimaliza, ufunguo ukae nao. Wanatoka saa kumi. Na usinichelewee, hawa watu wana watoto."

Akaenda zake. Kagwiria ndiye aliyebaki, na chupa ya maji. Akanimwagia mikononi nikanawa uso. Akaishika mikono yangu, akaiachia, akaishika tena.

"Makena atataka kukaa mbele na wewe," akasema.

"Mwambie mbele kunatisha."

"Nitamwambia. Atakaa tu."