Kodi ya Mama Eliza

Anneth alikosea siku. Angekwenda Jumanne, steshenari ya Najim pale Olasiti ingekuwa tupu na mambo yake yangebaki yake. Yeye akaenda Jumamosi, siku ambayo mtaa mzima unatoa kopi.

Kilichompeleka ni ritani ya kodi, ile taarifa ya mapato ya mwaka. Mwaka mzima alikuwa akitafsiri vikaratasi vya maelekezo ya mbegu na dawa za mimea kwa kampuni moja ya Tengeru, akilipwa kwa ukurasa, mwezi huu kazi ipo, ujao hakuna. Sasa kampuni ilimwambia wazi kwamba asiye na ritani hapewi kazi tena. Anneth hakuwa na ugomvi na serikali. Shida yake ilikuwa nyumbani. Mumewe, Allen, hajui kuwaambia ndugu zake hapana. Shilingi ikifika kwa Allen imeshafika kwa ukoo. Ndiyo maana alikuwa ameficha laki nane, kidogo kidogo, ada ya kuanzia ya binti yao Elizabeth katika chuo cha mifugo. Nafasi ilishapatikana, na mwisho wa kulipa ulikuwa mwisho wa mwezi.

Najim ni kijana mwema, ila ana ugonjwa wa kusoma kwa sauti kila anachoandika.

"Mapato yako ya mwaka, Mama Eliza?"

Anneth aliinama akamnong'oneza.

"Milioni mbili na laki moja!" Najim akaitikia, vidole vikikimbia. "Kazi za kutafsiri. Sawa."

Nyuma yao, kwenye benchi la wanaosubiri, alikaa Ndeshi, dada yake Allen, aliyekuja kuchapisha kadi za michango ya harusi ya mtoto wa kaka yao mkubwa.

"Makubwa, wifi! Kumbe tunaishi na tajiri na hatujui."

"Ni za mwaka mzima, wifi. Nyingi tumeshazila."

"Hata kama. Hongera."

Najim akabonyeza mara ya mwisho, akatabasamu. Kipato kilikuwa chini ya kiwango cha kutozwa. "Kodi yako sifuri, mama. Serikali haikudai kitu."

Haikudai, kweli. Lakini serikali haina wifi.

Kamati ya harusi ilikaa kesho yake baada ya ibada, sebuleni kwa Ndesanjo, kaka mkubwa na baba wa bwana harusi. Pale ahadi hutamkwa mtu akiwa amesimama mbele ya wote, na ikishatamkwa hairudi. Anayeirudisha amemtukana bwana harusi pamoja na waliomzaa. Ndeshi alikuwa amewahi kufika na habari ile. Anneth alilijua hilo alipoona anapishwa kiti kizuri.

"Shemeji," Ndesanjo alisema, mpole kama mtu anayenoa kisu, "tumesikia Mungu amekubariki mpaka serikali inakujua. Sisi ndugu zako tulikuwa tujulishwe lini?"

Watu wakacheka. Allen hakucheka. Alikuwa ameambiwa habari za nyumba yake na watu wa nje ya nyumba yake, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kama Anneth angepata kumvuta pembeni dakika ile, huenda angemwelewa. Lakini kwenye kamati hakuna pembeni. Allen akasimama.

"Mimi na Mama Eliza tunaahidi milioni moja," akasema. "Laki mbili ninazo mimi. Zilizobaki anazo yeye."

Vigelegele vilipigwa kabla hajakaa. Anneth alifungua mdomo aseme neno moja tu, chuo, lakini mama mkwe alikuwa ameshamkumbatia, analia, anamshukuru kwa Kichaga. Akaufunga mdomo. Tusimpambe: aliogopa.

Walipofika nyumbani ndipo alipomwambia mumewe habari za ada.

"Umeiambia serikali," Allen akasema. "Mimi mumeo ulishindwaje kuniambia?"

"Ungeziacha?"

Jibu walilijua wote wawili. "Mtoto atasoma mwakani," Allen akasema, akaingia chumbani. Elizabeth alikuwa mlangoni. Hakulia. Aliuliza tu kama nafasi itamsubiri. Pesa zilitumwa kwa mweka hazina wa kamati wiki ile ile.

Harusi ilifana. Ukumbini Kwa Mrombo, mshereheshaji aliwaita mbele wazazi waliobeba shughuli ile wakalishwe keki. Elizabeth, ndani ya sare ya ukoo, ndiye aliyepewa kushika sahani. Bibi harusi akachoma kipande kwenye sahani ile, akakipeleka mdomoni kwa Anneth, kamera zikimulika. Mama na binti walikuwa wanatazamana. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Anneth akaitafuna ada ya mwanawe, akaimeza, akasema asante.