Mvua ya Upande wa Bata

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, fundi alitoka uani na maji aliyooshea mboga, akayamwaga ndani ya karai la bata. Bata wasipozamisha pua majini macho yao hujaa tongo, na yeye alilijua hilo tangu utotoni. Kuku wa mama mkwe walisimama kando wakiwatazama wageni wanavyochezea neema. Muda si muda karai lilikuwa tope tupu, maranda ya kuku yamelowa, na jogoo anapiga chafya.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "mimi na bata sina neno. Neno langu ni maji. Bomba wiki nzima linatoa upepo, halafu hawa wako wanaoga."

"Hawaogi, mama. Wananawa uso."

"Basi wananawa kuliko mimi."

Mume wa fundi, ambaye ni dereva wa lori na yuko njiani siku nyingi kuliko nyumbani, alipigiwa simu. Alisema kwenye mambo ya kuku na bata yeye hamo, kisha mtandao ukakatika wakati mzuri kwake. Mama mkwe akatoa hukumu peke yake: kufikia Ijumaa kila kundi liwe na upande wake, la sivyo bata wahamie kwa dada yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bata mgeni ndiyo usiseme. Fundi aliwapenda bata wale. Alipoolewa alikuja na cherehani na bata wa marehemu mama yake, basi, na cherehani haikimbii kukulaki ukirudi sokoni.

Senyenge hakuwa nayo. Akachukua chaki ya kukatia nguo na rula ndefu, akapiga mstari kwenye saruji, kutoka mlango wa jiko hadi ukutani. Huku bata, kule kuku. Bata hawakuujali mstari ule, na kuku hawakuujali. Mvua iliujali.

Ilianza Alhamisi, jua likiwa limeshapanda na mbingu ikiwa nyeupe, bila wingu. Ilinyesha upande wa bata, ikafika kwenye chaki, ikakoma hapo. Mama mkwe alinyoosha mkono kuvuka mstari, ukalowa hadi kwenye kiwiko. Akaunusa. Ulinuka dawa, kama sakafu ya hospitali iliyotoka kupigwa deki.

"Mstari umeunyoosha vizuri," alisema. Kwa mama mkwe, hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima.

Tangu siku hiyo uani kulikuwa na raha. Bata walioga hadi mchana, wakavuka chaki, wakajikung'uta, wakalala kwenye maranda makavu pamoja na kuku. Kuku nao walisogea hadi ukingoni, wakanyoosha shingo, wakanywa bila kulowesha ukucha. Jogoo akapona mafua. Kila jioni fundi aliupitishia mstari chaki upya, kama mtu anayerudia pindo. Majirani walikuja na ndoo, na mama mkwe aliwapanga foleni kwa mwiko, akiwaonya wasimkanyage dume la bata, Kamanda, ambaye alikuwa na hasira za karibu.

Siku moja, pamoja na mvua, akaanguka bata wa plastiki wa njano, mkubwa kama godoro, amejaa upepo. Kamanda alimzunguka, akamkagua, akaamua huyu ana cheo kumzidi, akamfuata nyuma mpaka jioni. Kesho yake alikuja msichana wa kazi kutoka nyumba ya mlimani.

"Shikamoo, mama. Samahani, bata wetu hajaangukia hapa?"

"Marahaba. Wa njano?"

"Huyo huyo. Watoto wa mkurugenzi wanamlilia."

"Mkurugenzi wa nini?"

"Wa maji."

Msichana akaeleza, huku akimtoa bata upepo. Kule mlimani kuna bwawa la kuogelea. Kila asubuhi linajazwa kwa bomba nene kama paja, na ikifika mchana maji yamebaki ya kifundoni. Mafundi wametafuta ufa, hawakuuona. Kwa hiyo asubuhi linajazwa tena.

Mama mkwe aligeuka akalitazama bomba lake linalotoa upepo. "Kumbe mvua ni ya kwetu," alisema. Fundi alishikwa na hasira mpaka akashona mfuko wa sketi ya mteja kwa nje.

Wakaenda idara ya maji, mama na mkwe, kwa mara ya kwanza wakitembea chini ya mwavuli mmoja. Idara ikasikiliza, ikamleta afisa. Alisimama uani juu ya chaki, kiatu kimoja kinalowa, kingine kikavu, akatazama juu, akatazama ndoo.

"Huu mtaa una maji," alisema.

"Na bwawa?" aliuliza fundi.

"Bwawa lipi, dada?"

Siku iliyofuata walikuja vibarua wakang'oa bomba, kwa kuwa mtaa wenye maji hauna haja nalo. Kipande kimoja kilisahaulika. Mama mkwe alikitundika pembeni mwa ua, na kuku hulala juu yake hadi leo, bata chini yao. Habari za kumhamisha mtu kwa dada yake zilikwisha.

Kisha shule zikafungwa, mkurugenzi akasafiri na familia yake. Bwawa halikujazwa, na mvua ikakata. Macho ya bata yakajaa tongo, jogoo akawa anakwaruza karai kavu, na mtaa mzima ukabeba ndoo hadi mtoni, huko mbali. Familia ya mkurugenzi iliporudi, tone la kwanza lilimwangukia Kamanda mgongoni, na watu wakapiga vigelegele.

Sasa mtaa unaijua afya ya mkurugenzi kuliko daktari wake. Akikohoa kule mlimani, huku watu hawalali. Jana ilisemekana ana mafua na haingii majini. Mama mkwe alichagua mayai makubwa kuliko yote, akayafunga vizuri kwenye kitambaa.

"Mpelekee mkurugenzi, mwanangu," alisema. "Mwambie ni ya bata, yanatia nguvu. Na umuulize kwa adabu kama kesho ataogelea."